Kisangani: nyumba ya kisasa porini isianze na msumeno

Miaka hii wakaaji wa Kisangani wenye uwezo kidogo wanatoka Makiso, Mangobo na Kabondo kwenda kutafuta viwanja nje ya mji. Wanakwenda barabara ya zamani ya Buta, barabara ya Ituri, upande wa uwanja wa ndege wa Bangboka, wengine hata ng'ambo ya mto, Lubunga. Sababu zinajulikana. Katikati ya mji parsele zimegawanywa mara mbili, mara tatu, maji ya mvua ya jirani yanapita mlangoni kwako, na muziki wa baa ya pembeni hauzimwi mpaka usiku wa manane. Huko nje kuna hewa na kivuli. Kila anayekupeleka kuona kiwanja chake kipya anakuambia maneno yale yale: "Angalia, huku ni pori, kumetulia."

Kisha anaita vijana wenye msumeno wa mashine. Baada ya wiki mbili pori limekwisha.

Siandiki haya ili kuwalaumu watu wanaojijengea. Katika nchi ambamo mtu wa kawaida hapati mkopo wa nyumba benki, mwenye kufikisha kuta zake hadi kwenye paa amepigana vita. Ninachopinga ni mpangilio wa kazi. Tunakata kwanza, tunafikiri baadaye. Kiwanja kinasafishwa mpaka udongo mwekundu, kinazungushiwa ukuta wa matofali, katikati inawekwa nyumba ya mstatili yenye madirisha madogo ya chuma, bati juu, karo chini. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba anashangaa kwamba kuna joto kuliko alikotoka. Mwaka wa pili ananunua feni, na kwa kuwa umeme unakatika au haujafika kabisa, ananunua na jenereta. Mwaka wa tatu mvua imechimba mfereji kando ya msingi na anatafuta mawe ya kuziba. Alinunua pori, akapata Kabondo iliyo mbali na Kabondo, na usafiri wa toleka juu yake.

Nyumba ya namna hiyo tunaiita ya kisasa. Mimi naona jina hilo haistahili. Kama usasa una maana yoyote kwa mjenzi, ni kutumia akili na vipimo ili kupata raha zaidi kwa gharama ndogo. Kuzima kivuli cha bure na kununua ubaridi wa mafuta ni kinyume cha hapo.

Tuanze na hali ya hewa yetu, maana ndiyo inayoamuru kila kitu. Kisangani iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mvua inayonyesha kwa mwaka ni yapata milimita 1,700, na hakuna kiangazi cha kweli kama kile cha Lubumbashi. Joto la wastani linazunguka digrii 25 mwaka mzima, lakini hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki. Katika hali kama hiyo, upepo unaopita juu ya ngozi una faida kuliko ukuta mnene. Nyumba inayotufaa ni ile inayotoa kivuli, inayopitisha hewa toka upande mmoja hadi mwingine, na inayomwaga maji mbali na miguu yake. Miti ya pembeni inafanya nusu ya kazi hiyo bila malipo, kabla fundi hajaleta hata mfuko mmoja wa simenti.

Jua la ikweta nalo lina tabia yake. Linachomoza moja kwa moja mashariki na kuzama moja kwa moja magharibi, na saa sita za mchana liko karibu juu ya kichwa, likiinama kidogo tu kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa, na paa ndilo linalochomwa kuliko vyote. Basi nyumba iwe ndefu kwa kufuata mstari wa mashariki na magharibi, pande zake fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, na madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Ukuta wa urefu wa mita tatu unahitaji paa litoke nje kama mita moja na nusu ili jua la mchana lisiuguse. Mita moja na nusu hiyo ndiyo kimo cha barza ndogo. Wazee wetu walikuwa na barza mbele ya nyumba. Sisi tumeifuta ili tupate chumba kimoja zaidi, halafu jioni tunabeba viti na kukaa nje barabarani.

Hapa wengi hunijibu: "Hayo ni maneno ya vitabu. Nani amewahi kujenga nyumba ya kisasa ndani ya miti, ikakaa?" Swali ni zuri, na jibu lipo katika nchi inayofanana na yetu kwa misitu na kwa mvua. Mwaka 1951, huko São Paulo, Brazil, msanifu wa majengo Lina Bo Bardi alimaliza nyumba yake mwenyewe katika mtaa wa Morumbi. Alikuwa Mwitalia aliyehamia Brazil mwaka 1946 pamoja na mumewe. Nyumba hiyo inaitwa Casa de Vidro, yaani nyumba ya kioo. Kiwanja kilikuwa mteremkoni. Badala ya kuchimba mlima ili apate uwanja tambarare, aliinua sehemu ya mbele juu ya nguzo nyembamba za chuma, udongo ukabaki kama ulivyokuwa. Katikati ya sebule aliacha uwazi ambamo mti unapanda toka chini na kupita juu ya nyumba.

Lakini kitu kinachonivutia zaidi katika habari hiyo si mti wa katikati, ambao kila mtu anaupiga picha. Ni picha za zamani. Ukiziangalia utaona nyumba imesimama karibu uchi juu ya kilima, maana mahali pale palikuwa shamba la zamani la chai na miti ilikuwa michache. Pori linaloizunguka leo, zito mpaka nyumba haionekani vizuri kutoka barabarani, limeota na kupandwa baadaye, katika miaka arobaini ambayo Lina aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1992. Yeye hakwenda kukata msitu ili aishi msituni. Alichukua ardhi iliyokwisha kukatwa, akajenga kwa namna ambayo miti ingeweza kurudi.

Hilo kwangu ndilo somo kubwa, na ndilo linalotuhusu. Pembeni ya Kisangani hakuna upungufu wa ardhi iliyokwisha kukatwa. Kuna mashamba ya zamani, vichaka vya miaka mitano au kumi, mahali walipochoma makala na kuondoka. Hifadhi ya Masako, umbali wa kilomita 14 hivi kwenye barabara ya zamani ya Buta, imezungukwa na ardhi ya namna hiyo. Mwenye kutaka nyumba porini achague kichaka, si pori lenye miti mikubwa. Ukienda ndani zaidi ili upate miti mirefu, itabidi ufungue barabara ya gari, na barabara hiyo haitabaki yako. Wiki ile ile watapita wenye makala, mwezi unaofuata wapasua mbao, mwaka unaofuata wauza viwanja. Nyumba nzuri kabisa ya mbao na kioo ambayo imefungua kilomita tatu za barabara msituni imeharibu kuliko mtaa mzima wa nyumba mbaya za mjini.

Mfano mwingine unatajwa sana na wanafunzi wa usanifu: nyumba ya Fallingwater, iliyojengwa kuanzia mwaka 1936 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwenye nyumba, mfanyabiashara Edgar Kaufmann wa Pittsburgh, alipenda maporomoko ya kijito kimoja, akafikiri nyumba yake itakaa chini ikiyatazama. Msanifu Frank Lloyd Wright akamjengea juu ya maporomoko yenyewe, na barza za zege zinazoning'inia hewani. Ni nyumba ya ajabu, na tangu 2019 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ila barza hizo zilianza kuinama tangu mwanzo, maji yakavuja, na mwaka 2002 ilibidi wahandisi wazikaze kwa nyaya za chuma. Tajiri wa Marekani anaweza kulipa hayo. Ninawaona watu wa kwetu wanaotaka kujenga ukingoni kabisa mwa Tshopo au juu ya chemchemi kwa sababu panapendeza macho, na ninasema: kaa mbali kidogo, tazama maji, yaache yapite.

Sasa turudi kwenye kiwanja chenyewe.

Kabla ya kumwita mwenye msumeno, mwite fundi na mtu anayejua miti, mzunguke kiwanja pamoja mara mbili, mara moja asubuhi na mara moja wakati wa mvua kubwa. Asubuhi mtaona jua linaingia wapi. Wakati wa mvua mtaona maji yanapita wapi, na hapo msijenge. Kila mti upewe alama: huu unabaki, huu unaondoka, huu utaamuliwa baadaye. Watu wengi wanaotaka "kuhifadhi mazingira" huacha mti mmoja mkubwa karibu na nyumba na kukata mingine yote. Hilo ni kosa la hatari. Mti wa msituni wenye urefu wa mita 30 una mizizi isiyokwenda chini sana, na umezoea kusimama huku wenzake wakiukinga na upepo. Ukiuacha peke yake, dhoruba ya kwanza ya mwezi wa tisa inaweza kuulaza juu ya paa. Afadhali kuacha kundi la miti pamoja na vichaka vyake vya chini, na kuiweka nyumba mbali na miti mirefu kwa kipimo cha urefu wa miti hiyo. Karibu na nyumba ibaki au ipandwe miti ya kimo cha kati: safu, avoka, muembe. Na upande wa mashariki muache uwazi kidogo, kwa sababu nyumba isiyopata jua hata la asubuhi, hapa kwetu, nguo zinaota ukungu ndani ya sanduku.

Kuhusu udongo: usiukwangue. Ule weusi wa juu ni mwembamba, na chini yake kuna udongo unaokimbia na maji. Nyumba ikiinuliwa juu ya nguzo fupi za zege, sentimita 70 au 80 toka ardhini, inatosha kumwaga simenti kidogo mahali pa kila nguzo. Maji yanapita chini, hewa inapita chini, na sakafu inabaki kavu. Watu wanaogopa nyoka na mchwa. Nyoka anapenda takataka na panya, kwa hiyo sehemu ya chini ibaki tupu na kufagiliwa, si stoo ya mbao za zamani. Mchwa anapanda kwa njia yake ya udongo. Ukiweka juu ya kila nguzo kofia ya bati iliyokunjwa kuelekea chini, itambidi ajenge njia hiyo nje, mahali unapoiona, na unaivunja kwa fimbo. Kimo cha sentimita 80 ni kwa ajili hiyo: mtu mzima aweze kuinama na kuchungulia.

Atakayesema nguzo si desturi yetu aende akaangalie Wagenia kwenye maporomoko. Wanasimamisha magogo katikati ya maji yanayoweza kubeba mtumbwi, bila zege, wakiyafunga kwa kamba za porini, na yanashikilia mitego yao. Na huko Ituri wanawake wa Kimbuti wanapaua kwa majani ya mangongo, wakiyapanga moja juu ya jingine kama vigae, na mvua haiingii. Sisemi turudi kuishi hivyo. Wambuti wenyewe hawatuombi tuwasifu, wanaomba wasifukuzwe. Ninasema tu kwamba ujuzi wa kushughulika na maji na majani haukuja na meli kutoka Antwerp.

Paa ndilo pesa iende kwanza. Bati lisilo na dari, mchana wa jua, linaweza kupita digrii 50 na kumwaga joto lote juu ya vichwa vya watoto. Dawa yake si bati la bei kali. Ni nafasi ya hewa kati ya bati na dari, iliyofunguliwa pande mbili na kuzibwa kwa wavu ili popo wasihamie humo. Hewa ya moto inatoka yenyewe. Paa hilo hilo ni chanzo cha maji: mita za mraba 100 zinapokea kwa mwaka karibu lita 170,000. Hata sehemu ya tano ikipotea, kwa wastani zinabaki lita zaidi ya 370 kwa siku. Familia inayotuma watoto na bidoni mtoni huku paa lake likimwaga maji hayo bure kwenye msingi imekosa mifereji na tangi tu. Madirisha yawe mapana, yenye mbao za kufungua na wavu wa mbu, maana raha ya upepo isiyo na wavu inaishia hospitalini na malaria.

Kioo kikubwa cha Lina, kwa upande wangu, hakitufai. Kinapendeza, lakini kwetu mchana kingegeuza sebule kuwa tanuri, na kikivunjika hakuna dukani. Tuchukue wazo la nguzo na la mti, kioo tumwachie.

Kuna nyumba nyingine ya mwaka huo huo wa 1951 ambayo ingepaswa kutuuma zaidi, kwa sababu ilikuwa hapa jirani. Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza kiwandani Ufaransa nyumba za chuma na alumini kwa ajili ya makoloni. Moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, na mbili zikasimamishwa Brazzaville mwaka 1951. Zilikuwa juu ya nguzo, na barza pande zote, vizuia-jua vya kugeuza, na paa lenye tabaka mbili ambamo hewa ilipita. Karibu kila kitu nilichosema kuhusu joto kilikuwamo. Hazikuenea: zilikuwa ghali, na wakoloni wenyewe hawakupenda sura yake. Karibu mwaka 2000 zilifunguliwa, zikapelekwa Ulaya, na mwaka 2007 moja kati ya zile za Brazzaville iliuzwa New York kwa mnada wa Christie's kwa karibu dola milioni 5. Kitu kilichobuniwa kwa jua letu kimekuwa pambo la matajiri wa kaskazini, na sisi tumebaki na sanduku la matofali na feni.

Prouvé alikosea jambo moja kubwa, kuleta kila kitu kwa ndege na meli. Sisi tuna mbao. Lakini hapa nako tuwe wakweli, kwa sababu "nyumba ya mbao porini" inaweza kuwa njia nyingine ya kumaliza pori. Kambala, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita mvule, inavumilia mchwa na mvua. Inafaa kwa nguzo na kwa nje. Afrormosia ni nzuri pia, ila tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na mtu mwenye dhamiri hafuniki ukuta mzima kwa mti wa namna hiyo. Mbao bora zibaki mahali zinapohitajika. Ndani, kwenye dari na makabati, miti ya kawaida inatosha. Mwuzaji aonyeshe kibali cha kukata. Na mbao zikaushwe kivulini kwa miezi mingi kabla ya kutumika. Madriye na shevro zinazotoka msituni Jumatatu na kupigwa misumari Ijumaa zinapinda, mlango haufungi, halafu tunasema mbao ni mbaya.

Wanaopenda matofali nao wajue kwamba tofali la kuchoma limekula kuni. Tanuri moja linameza miti mingi, na miti hiyo haionekani kwenye kiwanja chako kwa sababu ilikatwa kwa mtu mwingine. Tofali la udongo uliokandamizwa kwa mashine ya mkono, likichanganywa na simenti kidogo, halihitaji moto. Mashine ya kwanza ya aina hiyo, Cinva-Ram, ilibuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na fundi yeyote wa kuunganisha vyuma hapa mjini anaweza kuiga umbo lake.

Nimesikia pingamizi mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni wezi: miti inawaficha. Ni kweli, na mama aliye peke yake usiku haniombi mashairi kuhusu kivuli. Kwa hiyo kuzunguka nyumba ibaki nafasi wazi ya mita kumi hivi ya majani mafupi, taa ya sola iwe juu ya barza, na nyumba zisimame tatu nne karibu karibu, miti ikiwa nyuma yake, badala ya kila mtu kujificha na pori lake na mbwa wake. Ya pili ni heshima. Mkwe akija na kuona mbao, atasema binti yake ameolewa na maskini. Hapa sina dawa ila muda, na pengine watu wachache wenye majina mjini wajenge hivyo kwanza.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko hivyo viwili ni karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuutumia kwa sharti la kuuendeleza. Mtu anapewa mkataba kwanza, na cheti cha uandikishaji kinakuja baada ya kuonyesha kwamba amefanya kitu. Na mbele ya jirani, ya chefu wa kijiji na ya mtumishi wa ofisi, ni kipi kinachoonyesha kwamba umefanya kitu? Kiwanja kilichofyekwa. Mwenye kuacha miti anaonekana ameacha kiwanja, na mwaka unaofuata anakuta mtu mwingine ameweka vigingi. Nawajua watu waliokata miti waliyoipenda kwa hofu hiyo tu. Upande mwingine, sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inadai kibali kwa ukataji wa kuanzia hekta mbili. Viwanja vyetu vidogo vinapita chini ya wavu huo, kimoja kimoja, mpaka kilima kizima kinabaki kipara bila mtu hata mmoja kuvunja sheria.

Kuna na swali la nani alikuwa pale kabla yako. Mgogoro wa Mbole na Lengola, ulioanza Lubunga mwezi wa pili mwaka 2023, ulizuka juu ya ardhi, ukaua watu, na maelfu wakakimbilia mjini na kulala katika madarasa. Baada ya hapo, mtu wa Kisangani anayenunua "pori tupu" kwa mtu mmoja, bila kukaa na ukoo mzima na chefu wa eneo, anafanya mchezo na maisha ya watoto wake. Nyumba inaweza kupatana na kila mti na isipatane na jirani hata mmoja.

Ninachokiomba kwa ofisi ya ardhi ya Tshopo, kwa meya na kwa viongozi wa sekta ya Lubuya-Bera si mradi wa mamilioni. Siku ya kupima kiwanja nje ya mji, mpimaji aandike na miti iliyosimama, na sehemu ya miti iliyoachwa, tuseme theluthi moja ya kiwanja, ihesabiwe kuwa ni uendelezaji sawa na ukuta. Alama ya rangi kwenye shina iwe na nguvu kama kigingi. Hapo mtu hatalazimika kuchagua kati ya kivuli chake na cheti chake. Na kibali cha kujenga kidai mchoro unaoonyesha maji ya mvua yanakwenda wapi. Wasanifu vijana wanaotafuta kazi hapa mjini wangepata mkate.

Kwa wale waliokwisha kusafisha viwanja vyao, na ni wengi, kazi haijapotea. Acheni kombokombo ziote zenyewe. Ndizo za kwanza kurudi na zinakua haraka kuliko mtoto wa shule. Chini ya kivuli chake, mwaka wa pili, pandeni safu na avoka kwa ajili ya kula, na miche michache ya kambala kwa ajili ya wajukuu. Kombokombo zitazeeka na kuanguka baada ya miaka ishirini hivi, wakati ile mingine imekwisha kushika. Kitu kimoja tu cha kulinda: vijana wa kufyeka wanaopita kila mwezi wa saba wakiomba kazi wapewe barabara ya kufagia, ua usafishwe, lakini wasipitishe panga kwenye sehemu hiyo.